Mama, siku ukiuza nyumba unayoishi, risiti zako ziko wapi?

SEHEMU YA 1

Najua mlikuwa mnasubiri mwendelezo wa chanjo ya surua ya miezi tisa. Inakuja, msijali. Leo naomba tuongee nyumba. Yaani nyumba hiyo hiyo unayolala, yenye neti ya mtoto na ndoo za maji koridoni, siku utakapolazimika kuiuza.

Mtaniuliza muuguzi na kuuza nyumba wapi na wapi. Jamani, nyumba nyingi zinauziwa wodini. Siyo kwamba dalali anaingia wodini, hapana. Ila mazungumzo yanaanzia pale pembeni ya kitanda, mgonjwa amepewa rufaa ya Mbeya au Dar, na ndugu wanapiga hesabu ya nauli, ya kulala, ya vipimo, ya dawa. Wasio na bima wanaanza kuuza mahindi, halafu pikipiki, halafu kiwanja. Nyumba inakuja mwisho. Ukiona wamefika kwenye nyumba, ujue vingine vyote vimeshaisha.

Wapo wanaouza kwa heri pia. Mume kahamishwa kikazi. Watoto wameongezeka, vyumba viwili havitoshi. Mjane anataka kurudi kwao Ileje akae karibu na dada zake. Na hapa Tunduma wapo wanaouza kwa sababu mji umewafuata: ulijenga Mpemba ukidhani umejitenga, leo malori yanalala mlangoni kwako, na mtu anayetafuta sehemu ya ghala anakutajia bei ambayo hukuwahi kuiota.

Wote hao, wa shida na wa heri, wanakutana na kodi moja ambayo wengi wanaisikia kwa mara ya kwanza siku ya kuhamisha jina. Siku hiyo hela imeshapangiwa kazi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msinisome mpaka mwisho mkitafuta nasimamia wapi. Kodi ya kuuza nyumba ya kuishi, kwa jinsi ilivyo sasa, inambana mtu ambaye haikukusudiwa kumbana. Kiwango cha msamaha kiliwekwa mwaka 2004 na wakati kimeshapitwa. Wabunge wetu wanaweza kulibadilisha hilo. Na wakati tunawasubiri, kuna karatasi inabidi uanze kuzitunza leo.

SEHEMU YA 2

Tuielewe kwanza.

Ofisini wanaiita kodi ya faida ya mtaji, wengine utawasikia wanasema "kapitali geini". Msiichanganye na VAT ya dukani. Na msiichanganye na kodi ya majengo, ile inayokatwa kwenye LUKU: ilianza 2021 kwa sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikapanda kuwa sh 1,500. Kuna mama aliniandikia kwa kujiamini kabisa, "Mimi nalipa kodi ya nyumba kila nikinunua umeme." Ni kweli mama, hiyo unalipa. Lakini hiyo ni ya kumiliki. Hii ni ya kuuza.

Inatoka kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Unachukua bei uliyouzia, unatoa gharama zako: za kununua kiwanja, za kujenga, za kukarabati, pamoja na za kuuza, kama dalali na mwanasheria. Kinachobaki ndiyo faida. Mkazi wa Tanzania analipa 10% ya faida hiyo kwa mkupuo, kabla umiliki haujasajiliwa kwa mtu mpya. Kwa nyumba yenye hati, Msajili wa Hati haandiki jina la mnunuzi mpaka aone cheti cha TRA kwamba umelipa au kwamba hudaiwi. Hapo ndipo watu wanapokwama.

Ila nyumba ya kuishi imeonewa huruma. Kama umeimiliki mfululizo kwa miaka 3 au zaidi, na umeishi humo jumla ya miaka 3 au zaidi, hata kama ni kwa vipindi, faida isiyozidi sh milioni 15 haikatwi kitu. Sifuri.

Hilo neno "kwa vipindi" ni muhimu kwa watumishi wenzangu. Umeishi miaka miwili, ukahamishiwa Momba, ukarudi ukaishi mwaka na nusu: umeshatimiza miaka mitatu ya kuishi. Hakuna anayekutaka uwe umeganda pale bila kutoka.

Kuna na ushuru wa stempu, 1% ya bei. Kwa kawaida anaubeba mnunuzi, lakini kwenye kupatana bei mtu anaweza kukurushia wewe, kwa hiyo uliza kabla hamjashikana mikono. Na ile asilimia ambayo sehemu nyingine mwenyekiti wa mtaa anaomba kwa kushuhudia mauziano, hiyo siyo kodi ya TRA na haikupunguzii chochote TRA.

SEHEMU YA 3

Sasa niwape kisa. Ni cha dada mmoja, nimemwomba ruhusa, sitataja jina wala mtaa.

Yeye na mumewe dereva walinunua kiwanja, wakajenga kwa miaka sita. Mnajua ujenzi wetu ulivyo. Mwezi huu tofali za kuchoma tripu moja, mwezi ujao mchanga, mume akirudi na safari ya Lubumbashi mnapaua upande mmoja. Saruji nyingine ilitoka kwenye hela ya kikoba. Maji ya kumwagilia ukuta alikuwa anabeba mwenyewe akiwa na ujauzito wa miezi sita. Wakahamia ndani sakafu ikiwa bado ya vumbi, wakaishi miaka mitano. Halafu mtoto wa tatu akapata tatizo lililohitaji rufaa ya mbali, wakauza. Milioni 45.

Tulikaa naye jioni moja tukaanza kukumbuka gharama kwenye daftari. Kiwanja milioni 6. Msingi na kuta milioni 9. Paa milioni 8. Milango, madirisha na plasta milioni 6. Umeme, choo na uzio milioni 4. Jumla milioni 33. Toa kwenye 45, faida ni milioni 12. Iko chini ya 15, na ameishi zaidi ya miaka mitatu. Kwa sheria hakutakiwa kulipa hata mia.

Akalipa sh 1,350,000.

Kisa ni karatasi. Mkataba wa kiwanja uliloa mvua mwaka bati lilipovuja. Risiti za vifaa, zile alizopewa, zilikuwa kwenye mfuko wa Rambo nyuma ya kabati, na alipozitoa zilikuwa nyeupe kabisa kama hazijawahi kuandikwa. Fundi hakuwahi kusaini popote. Kwa hiyo mbele ya dirisha alikuwa na hesabu ya kichwani tu, na hesabu ya kichwani siyo kumbukumbu. Tangu mabadiliko ya 2023, mkazi anayeuza ardhi au jengo bila kumbukumbu za gharama anakatwa 3% ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Asilimia 3 ya milioni 45, piga mwenyewe.

Aliyemhudumia hakumwonea, alifuata kilichoandikwa. Na mnunuzi, ambaye naye alikuwa na haki yake, alibakiza milioni 10 mkononi mpaka jina lihame. Wiki tatu zikapita watu wanakimbizana na makaratasi huku mtoto yuko kwenye dripu. Nilikuwa zamu siku mbili katika hizo wiki tatu, nikawa namwona mama anapiga simu dirishani, anarudi anakaa, anainuka tena anapiga simu.

Wenzangu wauguzi mnajua tulichofundishwa chuoni: usichokiandika hujakifanya. Ulimpa mgonjwa dawa saa nne, hukusaini kwenye faili, basi kwa anayekuja zamu ya jioni hiyo dawa haijatolewa. Kwenye kodi ni hivyo hivyo. Ulipaua kweli, bati linaonekana kwa macho, lakini karatasi inasema hukupaua.

SEHEMU YA 4

Hii fupi, ya vitendo. Fanya wiki hii.

Risiti ya EFD inafifia. Ile karatasi inaandikwa kwa joto, haina wino. Ukiiweka kwenye joto au juani inafutika. Ukishanunua tu, ipige picha, itume kwenye barua pepe yako au kwa mtu unayemwamini, halafu itolee kopi. Kopi ya mashine haifutiki kama ile.

Tofali za kuchoma, mchanga na mawe mara nyingi hununui dukani, na jamaa wa tofali hana mashine ya risiti. Andikishianeni kwenye karatasi ya daftari: tarehe, idadi, bei, majina mawili, sahihi mbili, namba ya simu. Ikiwezekana mlipe kwa simu ili muamala ubaki. Ni kweli haina uzito kama risiti ya EFD, lakini ni bora mara mia kuliko kwenda mikono mitupu. Fundi naye hivyo hivyo. Mkataba wa ukurasa mmoja, na kila unapompa hela asaini pembeni.

Mkataba wa kiwanja usikae kwenye kabati. Weka kwenye bahasha ya nailoni pamoja na kadi za kliniki za watoto. Nasema kadi za kliniki kwa sababu najua hizo hamzipotezi. Nimeona mama amekimbia moto na kadi ya mtoto mkononi, godoro kaliacha.

SEHEMU YA 5

Sasa nije kwenye kinachonikera.

Rudi kwa yule dada na gharama zake za milioni 33. Tuseme risiti zote anazo. Akiuza kwa milioni 48, faida ni 15 kamili, haijazidi, halipi kitu. Anaondoka na 48.

Mnunuzi akiwa na roho nzuri akamwongezea milioni moja, bei ikawa 49, faida inakuwa 16. Hapo imezidi. Na ikizidi, haikatwi ile milioni moja iliyozidi. Nyumba yote inatoka kwenye msamaha, na 10% inapigwa kwenye faida nzima ya milioni 16. Sh 1,600,000. Anaondoka na milioni 47 na laki 4.

Mmeona? Ameuza kwa bei kubwa zaidi akabaki na hela ndogo zaidi. Mimi siyo mhasibu, nina diploma ya uuguzi, lakini hesabu ya dripu napiga kila siku, na ningeandika dozi inayoruka namna hii daktari angenirudishia faili. Mshahara hatuukati hivyo. Mshahara ukivuka kiwango, kinachokatwa kwa asilimia ya juu ni kile kilichovuka tu. Kwanini nyumba ya mtu ipigwe tofauti?

Bado kuna la pili. Chukua nyumba hiyo hiyo, gharama milioni 33, iuzwe milioni 70 kwa sababu mji umesogea. Mama mwenye risiti zote: faida 37, kodi milioni 3 na laki 7. Mama asiye na karatasi hata moja: 3% ya 70, milioni 2 na laki 1. Aliyetunza risiti miaka kumi amelipa milioni 1 na laki 6 zaidi ya aliyetupa.

Naelewa nia ya ile 3%. Kabla yake watu wasio na karatasi walikuwa wanahangaika kweli, na angalau sasa kuna njia ya kutokea. Ila imekaa vibaya. Kwa nyumba ndogo yenye faida ndogo inamwumiza asiye na risiti, kwa nyumba yenye faida kubwa inamcheka mwenye nazo. Tafadhali asije mtu inboksi kuniuliza basi azichome risiti. Kumdanganya ofisa wa kodi ni kosa, sitakufundisha hilo. Ninachosema ni kwamba sheria isimweke mama mkweli kwenye kishawishi hicho.

La tatu ndilo zito. Hiyo milioni 15 imekaa pale pale tangu 2004. Mwaka huo dola moja ilikuwa kama sh 1,100. Mwaka 2024 ilivuka 2,500. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mama, nimewahudumia wawili leba mwezi huu wa umri huo. Saruji imepanda, bati limepanda, kiwanja Tunduma ndiyo usiseme. Kilichogoma kupanda ni msamaha.

Na sheria haiangalii kwamba shilingi ya zamani siyo shilingi ya leo. Ulinunua kiwanja miaka kumi na tano iliyopita kwa milioni 2, leo 2 hiyo haikupi hata karo la choo, lakini kwenye hesabu inaandikwa 2 vile vile. Kwa hiyo sehemu ya kinachoitwa faida siyo faida, ni bei za dunia zimepanda. Ukiuza nyumba ya kuishi ili ununue nyingine ya kuishi, ile nyingine nayo imepanda. Hujatajirika. Umehama tu, na njiani umekatwa.

SEHEMU YA 6

Hapa wanaume mnaonisoma kwa siri kupitia simu za wake zenu, karibuni.

Najua kinachofuata baada ya watu kusikia 10%. Wanaandika mikataba miwili: wa kweli unafungiwa kabatini, wa uongo wenye bei ndogo unapelekwa ofisini. "Andika 25, hela iliyobaki tunamalizana kienyeji." Mama, kama wewe ndiye mnunuzi, fikiria vizuri. Karatasi inasema ulinunua 25 wakati ulitoa 45. Siku ukiuza, gharama yako ni 25, na ile 20 iliyobaki inahesabika kuwa faida yako. Umejibebesha kodi ya mwenzako. Mkigombana mkafika mahakamani, mkataba ulioupeleka serikalini utaanza kukusuta wewe mwenyewe. Na kama wewe ni muuzaji, mnunuzi akikataa kumalizia hiyo 20, utamshtaki kwa karatasi gani? Pia kumbukeni inaangaliwa thamani iliyoidhinishwa. Mthamini haoni mkataba wenu tu, anaiona nyumba.

Jambo jingine kwa wake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema mume au mke haruhusiwi kuuza, kutoa zawadi, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, ndoa ikiwa bado ipo. Hata kama hati ina jina lake peke yake. Kwa hiyo ukiletewa karatasi ya ridhaa usisaini ukiwa unakoroga uji. Kaa chini, soma bei, uliza kodi ni kiasi gani, nani analipa, na hela inayobaki inaingia akaunti ipi. Nimeona mwanamke anasaini akijua nyumba imeuzwa 30, kumbe imeuzwa 55 na alichoambiwa ni "kodi imekula".

Hapo nije kwenye linaloniumiza kama mwanamke. Mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seifu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Kupika, kulea, kutunza nyumba, vyote vikahesabika katika mgawo. Ulikuwa uamuzi mkubwa na mpaka leo wanasheria wanautaja. Lakini kwenye hesabu ya faida ya nyumba, jasho hilo halina mstari wa kuandikwa. Kinachohesabika ni hela iliyotoka. Yule dada alibeba maji ya ujenzi mzima na kupikia mafundi miaka sita. Wangemlipa mtu wa kubeba maji na mama ntilie wa kupikia mafundi, wakaandikishana, ingekuwa gharama na ingepunguza faida. Kwa kuwa alifanya yeye, ni bure. Akijibana, faida inaonekana kubwa, na yeye ndiye anaikatwa.

Sidai TRA waanze kuhesabu ndoo. Ila hii ni sababu nyingine ya kuinua ule msamaha, kwa sababu sehemu kubwa ya "faida" ya nyumba zetu za mikoani ni nguvu za watu wa nyumba hiyo hiyo.

SEHEMU YA 7

Kuna kaka ameniandikia, "Nesi, hospitali unayofanyia kazi inajengwa kwa kodi hizo hizo, leo unazipinga?"

Swali zuri, wala sijachukia. Mshahara wangu ni kodi. Glovu ninazovaa ni kodi. Sijasema watu wasilipe. Mwenye nyumba tano za kupangisha akiuza moja alipe 10% yake, sioni tatizo. Anayenunua viwanja na kuviuza kila mwaka alipe. Ninachotenganisha ni nyumba moja ya familia, ile wanayolala, na biashara ya nyumba. Hata sheria yenyewe ilitenganisha mwaka 2004, ndiyo maana ikaweka msamaha. Imesahau tu kuulisha ukue.

Majirani zetu wamefanya nini? Kenya kodi hii ni kali kuliko yetu, tangu Januari 2023 ni 15% ya faida. Lakini nyumba ya makazi ambayo mwenyewe ameishi humo mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuuza haiguswi, na haijawekewa kikomo cha faida kama milioni 15 zetu. Uingereza nako aliyeishi kwenye nyumba yake kuu muda wote alioimiliki kwa kawaida halipi. Hapo ng'ambo Nakonde mambo ni mengine: Zambia hawapigi hesabu ya faida kabisa, wana kodi ya kuhamisha mali inayokatwa kwenye thamani. Kwa hiyo shemeji yako wa upande ule akikwambia "kwetu kapitali geini haipo", mwambie amalizie sentensi.

Ningekuwa naandika mimi ile ibara, ningefanya mambo mawili. La kwanza, milioni 15 ipande, na iwe inaangaliwa upya kila baada ya miaka michache kufuatana na bei za vitu. Ukiifuata dola peke yake, tayari ilitakiwa ivuke milioni 34. La pili, ikizidi, kikatwe kilichozidi tu. Hili la pili halihitaji hata kubishania kiwango. Ni kurekebisha sentensi moja ili mama asipoteze 1,600,000 kwa sababu ya milioni moja.

Bajeti inasomwa Juni, na Sheria ya Fedha ya kila mwaka inaanza kutumika tarehe 1 Julai. Mabadiliko ya ile 3% yaliingia kwa mlango huo huo mwaka 2023, kwa hiyo mlango upo. Wabunge wetu wa Songwe wakija kwenye mikutano huwa tunawauliza barabara, maji na foleni ya malori. Yote sawa. Safari hii mmoja wenu anyooshe mkono aulize na hili, kwa mfano ule ule wa 48 na 49. Ni rahisi kueleza hata kwenye uwanja wenye vumbi.

SEHEMU YA 8

Majibu ya inboksi, haraka haraka, nina zamu ya usiku.

Wa Mlowo mwenye pagale: nyumba ambayo hujahamia siyo nyumba uliyoishi, hata kama kiwanja unacho miaka kumi. Msamaha wa milioni 15 haukuhusu. Kiwanja kitupu hivyo hivyo. Lakini gharama zako za ujenzi bado zinatolewa kwenye bei, kwa hiyo karatasi zinakusaidia vile vile.

Wa Mbozi mwenye shamba la kahawa: kuna msamaha wa mashamba, tofauti na huu. Ardhi ya mtu binafsi yenye thamani ya soko chini ya sh milioni 10 wakati wa kuuza, na iliyotumika kwa kilimo angalau miaka 2 kati ya 3 kabla ya kuuzwa, haiingii kwenye kodi hii. Kama shamba lako liko karibu na lami usikimbilie kusema ni chini ya 10, ulizia bei za jirani kwanza.

Mama pacha wa Majengo, uliyesema nyumba yenu haina hati, mliuziana kwa barua ya mtaa, kwa hiyo kodi haikuhusu: kodi haitokani na hati, inatokana na kuuza. Tofauti ni kwamba bila hati hakuna Msajili wa kukusimamisha mlangoni. Mnunuzi wako akianza kutafuta hati, maswali yanaweza kurudi, na yakirudi atakutafuta wewe. Nenda TRA kabla ya kupokea hela, waulize kwa mdomo, halafu omba wakuandikie.

Na wewe uliyeuliza kama ukarabati wa jiko na kuweka vigae mwaka jana unahesabika: ndiyo, kuboresha na kukarabati nyumba ni gharama, mradi ulilipa na una ushahidi. Duka ulilonunua vigae kama bado lipo, nenda kesho kaombe nakala ya risiti, wakati muuzaji bado anaikumbuka sura yako.